Kambi ya saa nane usiku: kutoka Mombasa hadi Ziwa Jipe

Jumamosi, Kisauni

Ukoo wetu hukutana kila Desemba, na mwaka huu vijana wamekataa katakata kurudi Diani. Wanataka mlima, wanataka ziwa, wanataka kulala ndani ya hema. Sisi tuliolelewa na bahari, mlima ni kitu cha kuonyeshana dirishani basi likipita Voi. Basi kikao kikaamua atangulie mtu akaangalie, na kwa kuwa mimi ni mwalimu na Agosti shule zimefungwa, nikatwishwa mimi. Sikukataa. Niliwahi kuona familia ikifika kambini magharibi, watoto wamelala mabegani, ndipo wakagundua kwamba choo kiko ng'ambo ya korongo. Sitaki yawakute watu wetu ishirini na wawili, ambao mdogo wao ana miaka mitatu na mkubwa wao themanini.

Tunaokwenda ni sita: mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka tisa, mdogo wake wa mitano, mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, na shemeji yangu mwenye gari la kulala. Gari lenyewe ni Hiace ya dizeli iliyokuwa matatu ya abiria. Ameng'oa viti, akapigilia kitanda cha mbao, chini yake tangi la maji la lita sitini, pembeni jiko dogo la gesi, na juu ya paa paneli ya sola. Leo tumelipima kutoka ardhini hadi juu ya paneli: mita mbili na nusu na vidole vitatu. Nimeiandika namba hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari, maana njiani kuna miti.

Asubuhi nilikwenda soko la Kongowea kutafuta sweta za mitumba. Muuzaji aliniuliza kama nahamia Limuru kwenye baridi.

Jioni tulikaa barazani na karatasi, nikawa nawasomea maswali yangu: bei, umbali, mandhari, usalama, kivuli. Mama mkwe akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na saa nane usiku nikiamka, nakwenda wapi?" Nikafuta karatasi yote, nikaandika swali hilo peke yake.

Jumapili, Mombasa hadi Wundanyi

Tumeondoka baada ya sala ya alfajiri, mahamri na mbaazi kwenye hotpoti, chai kwenye thamosi. Changamwe hadi Mariakani ni malori tu, mtu avumilie. Baada ya Samburu na Taru nyika inafunguka, na pale Mackinnon Road tulipunguza mwendo mbele ya msikiti wa Sayyid Baghali, mama akasoma Fatiha kama wafanyavyo wasafiri wengi wa njia hii. Tukaahidiana kurudi kuswali hapo.

Karibu na Maungu, mkono wa kushoto, ndipo unapouona mlima Kasigau umesimama peke yake katikati ya tambarare, mita 1,641. Kwa wale wa ukoo wasiotaka kwenda mbali nimeutia alama. Wanakijiji wa Rukanga na Bungule, walioko chini yake, wamezoea wageni wapandao mlima. Lakini leo hatukukata kona. Voi tulijaza dizeli na maji, tukashika barabara ya Taveta, na Mwatate, baada ya mashamba ya mkonge, tukaanza kupanda.

Hiace ilipanda kwa gia ya pili, kona kwa kona. Mtoto akalia masikio yanamziba, dadake akamfundisha kumeza mate. Shemeji alisimama mara mbili injini ipumue. Nawaandikia wenye magari ya kulala: tangi la maji lisijazwe Voi kama unapanda Wundanyi. Lita sitini ni kilo sitini, na huku juu maji yapo. Tuliyabeba bure mlima mzima.

Kiwanja tulichokuwa tumeelekezwa ni shamba la mama mmoja wa makamo, juu kidogo ya mji, njia ya kuelekea Vuria. Alitupokea vizuri mno, akamwamkia mama mkwe shikamoo kwa mikono miwili, akatuonyesha sehemu mbili. Ya kwanza iko begani mwa mlima, karibu na lango, nyasi zake fupi na ngumu. Ya pili iko chini bondeni kando ya kijito, nyasi laini kama godoro, miti ya mparachichi imeizunguka. Watoto walikimbilia bondeni. Na mimi nikawafuata, nikasema hema lipigwe hapo. Shemeji akabaki juu na gari kwa sababu lisingeweza kushuka, na mama akalala garini.

Hapo nilikosea, na nataka kueleza kosa lilivyo ili asilirudie mtu. Hewa ya baridi ni nzito. Jua likizama, inateremka mteremkoni polepole kama maji, inajikusanya pale pale panapopendeza macho, penye bonde na kijito. Kufika saa tano usiku pumzi zetu zilikuwa zimegeuka maji juu ya kitambaa cha hema, yakaanza kudondoka. Saa nane kijana wangu aliamka, soksi zimelowa, meno yanagongana. Nilimvika sweta langu, nikamfunga leso mbili, nikambeba kumpeleka chooni. Kutoka hemani hadi chooni ni kupanda ngazi za udongo zenye umande. Nilizihesabu kwa tochi, hatua sabini na moja. Nikiwa juu pale, karibu na gari, niliona kitu kilichonistaajabisha: hakukuwa na baridi ya kutetemesha. Hatua sabini tu, na hewa nyingine kabisa.

Sisi watu wa pwani hatuna hesabu hii vichwani. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa kiasi cha digrii sita. Wundanyi iko karibu mita 1,400. Ukitoka na joto la usiku wa Kisauni, umeshapoteza digrii nane au tisa kabla bonde halijachukua lake.

Jumatatu, Wundanyi

Tumehama bondeni tangu asubuhi. Hema sasa liko begani, mlango umepewa upande wa magharibi.

Upande wa mlango una sababu yake. Milima hii ya Taita ndiyo ya kwanza kukutana na kusi likitoka baharini. Upepo ule ule unaochafua bahari Julai na Agosti, jahazi zikakaa, ukifika hapa unasukumwa juu, unapoa, unageuka ukungu. Leo hadi saa nne asubuhi hatukuona mwisho wa shamba. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kufunga meli gatini, alisimama akaunusa upepo, akasema, "Huyu ni kusi yetu, amevaa koti." Akalipindua hema lote, mgongo kwa upepo.

Shemeji naye ana vita vyake. Gari likisimama mteremkoni, alalaye hukusanyika upande mmoja kama mchele guniani, na ukilala kichwa chini unaamka kinauma. Anacho kifaa cha pimamaji cha fundi mwashi, lakini mama alimwambia aweke bakuli la maji juu ya kitanda, basi. Likatulia bakuli, maji yakainama kushoto. Shemeji akatafuta mawe bapa mawili, akayatanguliza mbele ya magurudumu ya kushoto, akapanda juu yake taratibu, akashuka kuangalia bakuli. Bado. Jiwe jingine. Akapanda tena, akavuta breki ya mkono, akakaza gogo nyuma ya gurudumu. Safari hii maji yalisimama sawa na ukingo pande zote, na binti yangu akapiga makofi. Ilichukua dakika ishirini, na usiku mama alilala hadi alfajiri. Nimeandika: kwa magari, kiwanja cha mlimani kiulizwe kwanza kama kina sehemu iliyosawazishwa.

Mchana nilipanda Vuria na binti yangu kwa miguu. Ndicho kilele kirefu cha Taita, mita 2,208. Njiani mwenyeji wetu alituonyesha kwa mbali vipande vya msitu wa asili vilivyobaki, Ngangao na vingine, vidogo kama viraka kwenye shuka la mashamba. Ndani yake kuna ndege mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa ambaye hapatikani popote duniani ila kwenye misitu hii michache. Nilipomwambia binti yangu hivyo, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kuni zetu za jana zilitoka wapi. Zilitoka kwa mwenyeji, za mti wa kupandwa shambani kwake. Nilifurahi kuwa na jibu hilo. Wa kwetu wakija Desemba, kuni watanunua hapo hapo kwa mama huyu, na hakuna atakayeingia msituni na panga.

Chooni, kutoka bega la mlima, ni hatua thelathini na mbili za mama mkwe. Amezihesabu mwenyewe, na fimbo yake. Choo ni cha shimo, safi, lakini hakina pa kushika, kwa hiyo shemeji amefunga kamba nene kwenye boriti ili wazee wajishikie wakiinuka. Mwenyeji ameomba iachwe.

Tatizo moja la Desemba. Mwenyeji anasema mvua za vuli huku hupiga Novemba hadi Desemba, na kipande cha njia kutoka lami hadi kwake ni udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, matatu zenyewe hukataa. Kwa hiyo magari ya kulala yabaki karibu na lami, penye changarawe, na wenye hema watembee.

Mama mkwe na mwenyeji wameketi jikoni tangu alasiri, wanamenya viazi na kulinganisha dawa za magoti.

Jumanne, Wundanyi hadi Chala

Tulishuka asubuhi, tukaipita Bura na Maktau, kisha barabara ikaingia katikati ya hifadhi ya wanyama ya Tsavo Magharibi. Tembo walikuwa kando ya lami, wekundu kwa vumbi. Tulizima redio. Mbele, karibu na Taveta, kuna kilima kidogo cha Salaita, na nilimsimulia binti yangu kwamba tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza, wengi wao askari kutoka Afrika Kusini, walikishambulia wakashindwa na majeshi ya Wajerumani. Alitaka kujua kwa nini walipigania kilima kidogo hivi. Nikamwambia asimame hapo awaze ni nani angeweza kupita barabarani bila kuonekana.

Ziwa Chala haliko mbali na mji wa Taveta, upande wa kaskazini, na hulioni kabisa mpaka ufike. Unatembea kwenye nyasi kavu, vichaka, mawe, unadhani umepotezwa. Hatua moja zaidi, ardhi inakatika. Chini huko, ndani ya shimo la volkano lenye kuta za wima, maji ya rangi ya kijani kibichi yamechanganyika na samawati iliyokoza, kimya, hakuna hata boti. Kina chake kinapita mita 90. Hakuna mto unaoonekana ukiingia. Maji yanakuja chini kwa chini kutoka kwenye mvua zinazonyesha miteremko ya Kilimanjaro. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji hayo, wala ziwa halina habari.

Nilisimama pale na mkono wa mwanangu wa miaka mitano umebanwa ndani ya mkono wangu, na nikajua jibu kabla sijafungua daftari. Hapana uzio wala choo, na kivuli hakuna. Ukingo haujali mtoto anayekimbilia mpira. Vijana walioniletea picha za hapa walipiga hema hatua kumi kutoka ukingoni ili waamke na ziwa mlangoni. Sisi, kwa ruhusa ya wenyeji, tulirudi nyuma hatua mia mbili, penye uwanda nyuma ya vichaka, ziwa hatulioni, na gari tukaliweka kama ukuta upande wa mlima.

Walioteremka kwenye maji kwa njia ya mawe ni mume wangu na shemeji tu, wakanawa uso wakapanda. Wenyeji walituonya juu ya kuogelea, na wanayo sababu: mwaka 2002 mgeni kijana aliuawa na mamba humu humu. Maji yalivyo matulivu, mtu angesema ni bwawa la kuogelea la hoteli. Nawaomba vijana wetu walioshinda wakiogelea Nyali wasijipime hapa.

Upepo ulianza saa tatu usiku. Ulikuja kutoka upande wa mlima, ukiteremka, kwa mikupuo, kimya kati ya mkupuo na mkupuo. Vigingi viwili vya hema viling'oka kwa sababu ardhi ni majivu magumu juu na mchanga chini. Mume wangu alitoka na kikoi, akafunga kamba kwenye mawe makubwa badala ya vigingi. Nilimmulikia tochi. Alizungusha kamba mara mbili kwenye jiwe, akaipitisha chini ya shingo yake yenyewe, akaivuta mpaka ikalia, halafu akalilaza jiwe jingine juu ya fundo. "Meli haifungwi kwa msumari," akasema. Hatukung'olewa tena, lakini hakuna aliyelala vizuri. Gari lilitikisika kama mtumbwi, mama akaona bora akae aswali.

Saa nane, mama alipotaka kutoka, tulimpa ndoo yenye kifuniko ndani ya gari, na shemeji akaja hemani kwetu mpaka alipomaliza. Hakulalamika. Lakini niliona alivyotazama chini, mtu mzima wa miaka sabini na moja, na nikajua sitamleta tena mahali ambapo jibu la swali lake ni ndoo.

Jumatano, Chala hadi Jipe

Na bado alfajiri ya leo sitaibadilisha kwa chochote. Kilimanjaro jana mchana kutwa ilikuwa imejifunika. Upepo wa usiku ulifagia mawingu yote. Mama alikuwa wa kwanza kuuona mlima, kwa kuwa ndiye aliyekuwa macho. Alifungua mlango wa gari, akaita jina la marehemu mumewe badala ya letu. Tulipotoka, theluji ilikuwa ya waridi, kisha dhahabu, kisha nyeupe, mlima mzima mita 5,895 umekaa mbele yetu kama sinia iliyotandikwa. Baba mkwe alikuwa dereva wa lori la Taveta zamani, na alikuwa akimwahidi kila mwaka. Mama aliketi kwenye mkeka akanywa kahawa yake chungu, na hatukumsemesha mpaka mawingu yaliporudi.

Kwa hiyo Chala nimeiandika hivi: wenye hema, watu wazima, usiku mmoja, kiangazi tu, mbali na ukingo. Watoto na wazee waje alfajiri kwa gari kutoka Taveta, waangalie mlima na ziwa, warudi mjini kunywa chai.

Jumatano ni siku ya soko Taveta. Sijawahi kuona ndizi namna ile, mikungu imesimama kama watu waliopanga foleni. Tulinunua mkungu mmoja mzima, nyanya na vitunguu, na tukiwa bado na mtandao nililipia kiingilio na kambi ya Jipe, iliyo ndani ya hifadhi hiyo ya Tsavo, kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwani malango ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hayapokei pesa mkononi. Nilifanya hivyo kwa bahati nzuri. Kabla hatujafika Jipe simu zetu zote zilitukaribisha Tanzania.

Langoni askari alikagua risiti, akachungulia garini, akauona mkungu. Uso ukabadilika. "Mama, hizi hazilali na nyinyi." Akaeleza kwa upole: tembo ananusa matunda kutoka mbali, na akishajua kwamba ndani ya hema au gari kuna ndizi, mlango haumzuii, wala kioo. Tukauacha mkungu kwenye stoo yao yenye ukuta wa mawe, tukabaki na ndizi za kumaliza kabla ya magharibi. Mabaki ya chakula na maganda nayo yakaenda huko huko. Binti yangu alifagia sakafu ya hema makombo kwa mkono, moja moja.

Ziwa Jipe ni kinyume cha Chala kwa kila kitu. Halifiki mita tatu kwenda chini. Ni pana, limelala, limezungukwa na matete, na ng'ambo yake milima ya Upare ya Tanzania imesimama mstari mmoja. Kiwanja ni tambarare: bakuli la shemeji lilituliza maji bila jiwe hata moja. Kuna banda za KWS za wasiotaka hema, kuna sehemu ya hema chini ya migunga.

Askari alitutembeza kabla hatujashusha mzigo, na hilo ndilo somo la maziwa yote yenye viboko. Alituonyesha njia mbili zilizolimika kwenye nyasi, kama za ng'ombe lakini zina tuta la katikati, miguu ya kulia na kushoto ikiwa mbalimbali. Hapo ndipo viboko wanapopita usiku kwenda kula nyasi na kurudi. Kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini ndiye anayeua. Hema lisiwe juu ya njia hiyo, wala karibu yake, wala kati yake na ziwa. Nafasi iliyokuwa inapendeza zaidi, ile yenye mti ulioinamia maji, ilikuwa mdomoni mwa njia kabisa.

Mama na watoto wamelala bandani. Kitandani hadi chooni ni hatua kumi na moja, ndani kwa ndani, na taa ya sola. Alirudi akanishika mkono: "Hapa patafaa."

Usiku nikiwa hemani na mume wangu tulisikia majani yakikatwa, kwa mpigo mmoja baada ya mwingine, na pumzi nzito. Kiboko alikuwa akila ng'ambo ya mgunga. Tulilala chali, tumeshikana, hatukuwasha hata tochi. Saa nane ikapita bila mtu kutoka.

Alhamisi, Jipe

Asubuhi gari na mti viligombana. Mama alitaka gari liwe kivulini apumzike mchana, shemeji alitaka paneli ipate jua betri ijae. Tulikwenda kulisogeza chini ya mgunga na tawi likakwaruza paa. Tawi lilikuwa mita mbili na nusu kasoro. Ile namba ya ukurasa wa kwanza ilikuwa kwenye daftari, na daftari lilikuwa bandani. Paneli imepona, kipande cha fremu kimepinda. Mwishowe gari likakaa juani na mama akatandikiwa mkeka kivulini, jambo tulilopaswa kulifikiria tangu mwanzo. Miiba ya mgunga pia haina huruma: tulichomoa mitatu kwenye tairi na mmoja chini ya hema. Turubai nene la kutandika chini si anasa.

Mbu wa jioni ni wengi, ziwa ni la matete. Kila mtoto na chandarua chake, mikono mirefu kuanzia saa kumi na mbili kasoro. Mume wangu alikaa na mvuvi mmoja wakizungumza nyavu mpaka jua likazama, wakielewana kama watu wa mtaa mmoja ingawa mmoja ni wa chumvi na mwingine wa maji baridi. Na saa kumi na mbili tembo sita walishuka mbele ya banda wakanywa, ndama akaingia maji yakamfika masikioni. Mwanangu alisimama juu ya kiti cha bandani, nyuma ya wavu, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa kama wananusa ndizi aliyokula saa kumi.

Ijumaa, kurudi

Tulitoka alfajiri, tukachukua mkungu wetu langoni, tukawaachia askari nusu. Swala ya Ijumaa tuliiwahi Mackinnon Road kama tulivyoahidi. Alasiri tulikuwa Kisauni.

Kazi ya kwanza, kabla ya kuoga, hema limetandazwa juu ya dari. Lililokunjwa na unyevu wa Wundanyi lina harufu tayari, na likikaa wiki litaota ukungu. Binti yangu amekung'uta vumbi jekundu la Tsavo, limeanguka kwenye kamba ya nguo ya jirani, nimekwenda kuomba radhi na ndizi.

Kisha nimeandikia ukoo. Kutakuwa na vituo viwili. Usiku tatu Jipe: wazee na wenye watoto wadogo bandani, vijana kwenye hema upande wa ndani wa migunga, magari juani. Usiku mbili Wundanyi kwa mwenyeji wetu, hema begani tu, magari kwenye changarawe kando ya lami, na mvua ikiwa imeshika tunaacha Wundanyi, tunabaki Jipe au Voi. Kama njia ya kuelekea Jipe nayo imelowa, tutauliza langoni kabla ya kutoka Taveta. Chala ni ya alfajiri, kwa gari, kushikana mikono.

Mama mkwe amesoma ujumbe kwa miwani yake, neno kwa neno, akarudi kwenye mstari wa Wundanyi. Anataka aandikwe huko pia, si Jipe peke yake, kwa sababu ile kamba ya chooni ipo na amemwahidi yule mama chupa ya mafuta ya nazi ya magoti. Mchango wake wa Desemba ameufunga kwenye pindo la leso, akanikabidhi mkononi, wa kwanza katika watu ishirini na wawili.